Somo la Kiingereza Lipangwe Kabla ya Kusomeshwa



Mkaazi wa Tunduma hawezi kusema kwamba Kiingereza kiko mbali naye. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupanga safu barabarani usiku na mchana, na makaratasi ya mizigo yao yameandikwa kwa lugha hiyo. Ng'ambo ya mpaka, mwendo wa miguu, upo mji wa Nakonde, na huko Kiingereza ndiyo lugha ya serikali. Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, hupita hapa hapa ikielekea Kapiri Mposhi. Na tangu mwaka 2019 maofisa wa nchi hizi mbili huwahudumia wasafiri katika vituo vya pamoja. Hata Wanyamwanga wa huku na wa kule ni watu wa lugha moja. Kilichowatenga ni mpaka waliopatana Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, wala wenyewe hawakuulizwa.

Pamoja na ujirani huo wote, watoto wetu wengi humaliza shule ya msingi hawawezi kumwuliza mgeni kwa Kiingereza ni saa ngapi. Wapo wasemao kwamba ni uvivu wa watoto. Wapo wasemao kwamba ni uchache wa vitabu. Na wapo wasemao kwamba ni gharama zilizowashinda wazazi. Sisi hatukatai kwamba vitabu ni vichache na gharama ni nzito. Lakini miaka tuliyokaa mbele ya watoto imetufunza kwamba iko sababu nyingine, na dawa yake haigharimu senti: somo huingia darasani kabla mwalimu hajalipanga. Somo la namna hiyo hupimwa kwa wingi wa maneno aliyoyasema mwalimu, hali lilipasa kupimwa kwa neno aliwezalo mtoto kulisema mwenyewe atokapo mlangoni.

KOSA LILILOKUWA LETU

Sisi ni waalimu wa madrasa. Elimu yetu ya skuli ilikoma darasa la saba, na Kiingereza chetu ni cha kuokoteza: kingine skuli, kingine mpakani, na kingine katika vitabu vya kuazima. Tulipoona vijana wetu wakipata taabu, tulianzisha darasa la Kiingereza chuoni, siku tatu kwa wiki, baina ya Alasiri na Magharibi. Tulilisomesha kwa namna tuliyosomeshwa sisi. Tuliandika ubaoni maneno ishirini, Kiingereza mkono wa kushoto na Kiswahili mkono wa kulia; tulisoma, watoto wakaitikia; wakanakili katika madaftari; na siku ya pili wakaulizwa mmoja mmoja. Sauti zilifika sokoni, na wazazi waliopita njiani walifurahi.

Alikuwapo mvulana mmoja aliyewashinda wenzake wote. Baba yake ni mpakizi wa mizigo mpakani. Mtoto huyo alihifadhi maneno zaidi ya mia nne, na siku ya Maulidi tulimsimamisha mbele ya watu akayataja bila kukosea. Akafaulu mtihani wa darasa la saba, akaenda kidato cha kwanza. Haukupita muda mrefu baba yake akatujia baada ya sala ya Isha, akasema, "Ustadhi, mwanangu hataki tena kwenda skuli. Asema mwalimu akizungumza yeye haambulii kitu, na akiulizwa husimama kimya, wenzake wakamcheka. Kama ni hivyo, bora aje tupakie mizigo pamoja kuliko kunimalizia pesa za madaftari."

Tulimwita mtoto. Tukamwuliza kwa Kiingereza jina la baba yake nani, akatutazama tu. Neno "father" alilijua, na neno "name" alilijua, lakini yalipokutana katika swali moja yakawa mageni kwake. Hapo tukafahamu kwamba tulikuwa tumempa matofali mia nne, wala hatukumwonyesha hata siku moja namna ya kujenga ukuta. Kosa halikuwa la mtoto, wala la baba yake, wala la skuli aliyokwenda. Lilikuwa letu.

Twamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba jirani yetu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama mtu mzima aliyefundisha kwa miaka mingi. Tulimpelekea daftari letu la masomo. Alilitazama, akalifunika, akauliza, "Ustadhi, kesho hawa watoto watatoka wakiweza kufanya nini ambacho leo hawawezi?" Tukamjibu kwamba watajua maneno ishirini. Akasema, "Sikuuliza watajua nini. Nimeuliza wataweza kufanya nini." Swali hilo ndilo lililotuongoza tangu siku ile, na ndilo tunalotaka wasomaji wetu walichukue.

SI JAMBO LA JANA

Taabu hii haikuanza kwetu. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza kikabaki kuwa somo moja miongoni mwa masomo. Sekondari, kinyume chake, ziliendelea kufundisha kwa Kiingereza, na hata leo masomo mengi ya sekondari husomeshwa kwa lugha hiyo. Kwa hiyo mtoto huifahamu hesabu na sayansi kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha baada ya likizo moja huambiwa azifahamu kwa Kiingereza.

Wakubwa waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Jackson Makweta, ilitoa shauri kwamba Kiswahili kianze kutumika katika sekondari mwaka 1985. Shauri hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, waliuchunguza ufundishaji wa Kiingereza nchini, wakaona kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakiwatoshi kabisa kujifunzia masomo mengine. Baadaye, mwaka 1987, ukaanzishwa mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza kwa msaada wa Uingereza, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuwapa wanafunzi vitabu vyepesi vya kujisomea. Sisi ni watoto wa zama hizo, na twayajua hayo kwa ndimi zetu wenyewe.

Mabishano juu ya lugha ipi itumike yangalipo, na wenye elimu wayajadili kwa haki. Lakini mtoto wa mwaka huu hawezi kungoja mabishano yaishe. Kesho asubuhi anacho kipindi cha Kiingereza, na kipindi hicho ama kitampa kitu ama kitampita.

ANDALIO LA NUSU UKURASA

Waalimu wa skuli wanayo karatasi waiitayo andalio la somo, na nyingine iliyo kubwa zaidi waiitayo azimio la kazi, ambayo hupanga kazi ya muhula mzima. Yasikitisha kwamba wengi huijaza ile ya kwanza kwa ajili ya mkaguzi, si kwa ajili ya mtoto. Andalio la kweli laweza kuenea katika nusu ukurasa wa daftari, likiwa na mambo matano.

Kwanza, jambo moja ambalo kila mtoto ataweza kulifanya mwisho wa kipindi. Pili, maneno na sentensi zitakazomfikisha huko, nazo ziwe chache. Maneno mapya matano hadi manane yatosha kabisa. Tatu, zana za kufundishia, yaani vitu vya kuonyesha na kushika. Nne, hatua za somo na dakika za kila hatua. Tano, njia ya kumjua nani ameweza na nani hajaweza.

Katika hayo matano, la kwanza ndilo mama wa mengine. Mwalimu akiandika "Kusoma habari za soko," hajaandika lengo, kwa maana hapana awezaye kuliona jambo hilo likitimia. Akiandika "Kila mtoto aulize bei ya kitu kimoja, na aelewe jibu," hilo ni lengo, kwa kuwa litasikika kwa masikio na kuonekana kwa macho.

Juu ya uchache wa maneno, tusione haya. Waislamu twajua kwamba Qur'ani Tukufu iliteremshwa kidogo kidogo kwa muda wa miaka ipatayo 23, ili ithibiti katika moyo. Twajua pia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akilirudia neno lake mara tatu lipate kufahamika, na kwamba alichagua nyakati za kuwawaidhi masahaba wake wasije wakachoka. Na alipomwamuru Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, alimpa pamoja na amri hiyo kazi ya kufanya: kusoma na kuandika barua za Mtume. Zayd alijifunza kwa muda wa nusu mwezi hivi. Hatusemi kwamba kila mtoto ni Zayd. Twasema kwamba ajuaye kazi atakayoifanya kwa lugha huishika upesi kuliko yule aambiwaye aihifadhi tu.

SOMO MOJA KWA MFANO

Tuchukue somo la saa, kwa kipindi cha dakika 40. Watoto wawe wamekwisha kujua kuhesabu kwa Kiingereza hadi kumi na mbili. Kama hawajui, basi somo hili si la leo. Lengo ni kwamba kila mtoto aweze kumwuliza mwenziwe "What time is it?" na mwenziwe ajibu "It is ten o'clock," au saa nyingine iliyo kamili. Nusu na robo tunaziacha kwa siku ya pili. Zana ni duara la boksi lililoandikwa tarakimu, na mishale miwili iliyoshikwa katikati kwa msumari mdogo.

Dakika 5 za kwanza ni za kukumbusha: mwalimu aonyesha tarakimu, watoto waitaja.

Dakika 10 zifuatazo ni za kusikia, na kalamu ziwekwe chini. Mwalimu ageuze mshale, ajiulize na ajijibu mwenyewe, mara tatu au nne. Kisha ataje saa, na watoto waonyeshe kwa vidole ni tarakimu gani. Kwa njia hii humjua aliyefahamu kabla hajamlazimisha kusema. Baada ya hapo waitikie wote, kisha safu kwa safu.

Dakika 12 ni za wawili wawili. Kila mtoto achore saa yake katika daftari, mmoja aulize na mwenziwe ajibu, kisha wabadilishane. Darasa la watoto 70 huwa jozi 35 zinazosema kwa wakati mmoja. Hapo kila mtoto husema mara nyingi kuliko ambavyo angesema kwa mwezi mzima akingoja kuitwa jina. Kelele hizo mwalimu asiziogope. Ni kelele za kazi. Apite kati yao asikilize, na amsahihishe polepole aliyekosea.

Dakika 8 ni za kusoma na kuandika sentensi tatu tu kutoka ubaoni. Lugha imesikika, imesemwa, na sasa imepewa sura yake ya maandishi. Dakika 5 za mwisho ni za kupima. Darasa likiwa dogo, kila mtoto ajibu swali moja mlangoni ndipo atoke. Likiwa kubwa, mwalimu aulize watoto kumi ambao majina yao aliyaandika tangu jana, wa mbele na wa nyuma, wenye akili nyepesi na wazito. Walioshindwa ndio atakaoanza nao kesho.

Lakini uko mtego katika somo hili, na hapo ndipo andalio linapomwokoa mwalimu. Sisi Waswahili huhesabu saa tangu kucha. Mshale mfupi ukiwa juu ya 10 asubuhi, sisi twasema ni saa nne, na mtoto afasiriye kichwani mwake atasema "four o'clock." Mwalimu asiyejitayarisha atamkaripia, na mtoto hatajua alilokosa. Aliyejitayarisha amekwisha kulijua kosa hilo tangu jana usiku. Atasema kwa Kiswahili, kwa dakika moja tu, kwamba Kiswahili hutaja tarakimu inayokabiliana na ile iliyoguswa na mshale mfupi, na Kiingereza huitaja ile ile iliyoguswa. Dakika moja hiyo huokoa wiki nzima.

Na siku ya tatu somo livuke mpaka. Saa za Zambia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na kila mtoto wa Tunduma amesikia watu wakigombana kwa sababu hiyo. Basi waseme: "In Tunduma it is ten o'clock. In Nakonde it is nine o'clock." Mtoto aliyesema hivyo amesema jambo la kweli ambalo baba yake hulihitaji kila siku. Lugha imetoka ubaoni imeingia mjini.

MAKOSA YAJULIKANAYO KABLA

Kama lilivyo hilo la saa, yako makosa mengine yasiyotokana na ujinga wa mtoto bali na tofauti ya lugha, na mwalimu aweza kuyaandika katika andalio lake kabla hayajatokea.

Kiswahili husema "yeye" kwa mwanamume na kwa mwanamke pia, Kiingereza hutenga "he" na "she." Usishangae mtoto akimwita mama yake "he." Mpangie somo la jamaa wa nyumbani na kazi zao: baba ni dereva, mama auza mchele, kaka ni fundi, na kila sentensi ifuatwe na nyingine yenye neno moja la hayo mawili. Kiswahili hakina yale maneno madogo "a" na "the" yatanguliayo majina. Mtoto huyaacha, kwa kuwa hayaoni faida yake. Mzoeze kuyasikia katika sentensi zima, wala usianze na kanuni. Tena maneno ya Kiswahili kwa kawaida humalizika kwa irabu, hivyo "book" huwa "buku" na "bread" huwa "bredi." Na wengi wetu katika nchi hii huchanganya "l" na "r," hata wali ukawa wari.

Katika mambo haya ya matamshi, watoto wa chuoni wana hazina ambayo hatukuitambua. Mtoto aliyefunzwa makharij amekwisha kutenga lam na ra. Amekwisha kuzoeza ulimi kutoa tha na dhal, ambazo ndizo sauti za "think" na "this" zinazowashinda wengi. Na yule aliyezoea kusimama juu ya herufi yenye sukuni aweza kusimama juu ya "book" bila kuongeza irabu. Tulipoligundua jambo hili tuliwaambia watoto, "Simameni hapa kama msimamavyo katika kisomo," na ndimi zao zikanyoka siku ile ile.

Lakini tusijidanganye kwamba kila desturi ya chuo yafaa hapa. Kitabu cha Mwenyezi Mungu tunakihifadhi kama kilivyo, herufi kwa herufi, wala hapana ruhusa ya kubadili. Lugha ya mazungumzo si hivyo. Hiyo hufunzwa ili mtu aibadili kila saa kwa haja yake. Kuitikia kwa pamoja kwafaa kwa kulainisha ulimi. Baada ya hapo mtoto apewe jambo la kumwambia mwenziwe ambalo mwenziwe halijui, kwani hiyo ndiyo kazi ya lugha.

Wala Kiswahili kisifukuzwe darasani kama mwizi. Ziko shule katika Afrika Mashariki ambazo mtoto akisema lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni na kufedheheshwa. Njia hiyo hufunza kunyamaza, haifunzi kusema. Kiswahili kitumike kama daraja: kwa dakika chache, mahali palipo na mto, kisha watu wavuke waendelee na safari.

KWA WAALIMU WA KIDATO CHA KWANZA

Tunayo maneno machache pia kwa waalimu wa sekondari wasomeshao sayansi, jiografia na historia, ijapokuwa wametuzidi elimu. Ninyi mwadhani kazi ya Kiingereza ni ya mwalimu wa Kiingereza. Kwa hakika kila mmoja wenu ni mwalimu wa lugha hiyo, apende asipende, kwa kuwa somo lake limevaa nguo hiyo.

Kabla ya kipindi, someni ukurasa mtakaoufundisha na mtoe maneno sita au saba ambayo bila ya hayo ukurasa haufahamiki. Yaandikeni ubaoni na maana zake kwa Kiswahili, myatamke na watoto wayatamke. Wape swali wazungumze wawili wawili kwa Kiswahili mpaka fikra ikae sawa, kisha waijibu kwa Kiingereza kwa sentensi mlizowaanzishia. Mtoto aliyefahamu jambo kwa lugha aijuayo hutafuta maneno tu. Asiyefahamu hutafuta vitu viwili kwa pamoja, akavikosa vyote.

Na liko jambo dogo lenye faida kubwa. Mitihani hutumia maneno yale yale ya kuamuru: "list," "define," "explain," "describe," "compare," "give reasons." Wapo watoto wanaolijua jibu lakini hawakulijua neno la amri; wakaambiwa waeleze, wao wakataja tu. Maneno haya si mengi. Yafundishwe katika darasa la saba na tena katika wiki za kwanza za kidato cha kwanza, neno moja kwa siku, kila neno na mfano wa swali na jibu lake.

KAZI YA NYUMBANI NI YA WAZAZI

Wazazi wetu wapendwa, msiseme kwamba jambo hili si lenu kwa kuwa hamkijui Kiingereza. Mtoto arudipo, desturi ni kumwuliza, "Leo mmeandika nini?" Naye hulifungua daftari lililojaa, nanyi mkaridhika. Badilisheni swali. Mwulizeni, "Leo umeweza kusema nini?" Kisha mama ajifanye mwanafunzi, mtoto awe mwalimu wake kwa dakika kumi, wakati chakula kingali jikoni. Anayefundisha hujifunza mara mbili. Na mtoto ambaye hana cha kumfundisha mama yake kwa siku nne mfululizo, huyo afuatwe skuli mapema, kabla ya mtihani haujamfuata.

Tena msiache kumsomesha Kiswahili kwa kutamani Kiingereza. Mtoto asiyeweza kusoma habari fupi ya Kiswahili na kuisimulia, hataweza kufanya hivyo kwa lugha ya watu wengine. Na kabla ya kukopa fedha ili kumpeleka shule isomeshayo kwa Kiingereza tangu mwanzo, nendeni mkasikilize madarasa yake. Sare nzuri na gari la kuchukua watoto hazisemi lugha yoyote. Ulizeni ni nani asemaye zaidi darasani, mwalimu au watoto. Na jibu hilo liwaongoze.

Nanyi vijana mliomaliza kidato cha nne, mnaofungua madarasa ya jioni hapa Tunduma, Vwawa na kwingineko katika mkoa wetu wa Songwe, riziki yenu ni ya halali nasi twawaombea baraka. Lakini fedha ya mpakizi wa mizigo na ya mama auzaye ndizi ni amana. Panga mwezi wako: wiki ya kwanza salamu na majina, ya pili hesabu na saa, ya tatu bei na soko, ya nne jamaa na kazi zao, siku nne za kila wiki ziwe za mambo mapya, na ya tano iwe ya kurudia. Ukiingia darasani bila kujua mtoto atatoka na nini, umeuza kikapu kitupu.

Yule mvulana tuliyemtaja alianza nasi upya, jioni kwa jioni, kila somo na jambo lake moja. Baba yake alikubali kungoja muhula mmoja. Mtoto hakuwa wa kwanza katika darasa lake, wala sisi hatukutazamia awe. Lakini siku moja alitujia mbio, akatuambia kwamba katika kipindi cha baiolojia aliunyosha mkono na kumwambia mwalimu kwa Kiingereza, "Please explain again." Ni maneno matatu tu, katika yale mia nne aliyokuwa nayo zamani. Mwalimu akaeleza tena, na wenzake waliokuwa wakimcheka wakasikiliza, kwa kuwa nao hawakuwa wamefahamu. Baba yake hajataja tena habari ya kupakia mizigo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe kwa watoto tuliowapotezea wakati kwa kutojua, awafungulie vijana wetu mlango wa kila elimu yenye manufaa, na atupe sisi waalimu subira ya kukaa usiku na kalamu kabla ya kusimama asubuhi mbele ya watoto.

Wabillahi taufiq.